Kalkuleta inasema sin 30 ni -0.988? Matatizo ya vipimo vya pembe na jinsi ya kuyatatua

Nafundisha tuisheni ya hesabu jioni, huu mwaka wa tisa sasa, na swali linaloingia kwenye simu yangu kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nimefuata fomula vizuri kabisa ila jibu halifanani na la kitabu." Mara nyingi nikiangalia naona fomula iko sawa, hesabu iko sawa, shida ni kwamba namba imeingia kwa kipimo kimoja halafu mashine imeisoma kwa kipimo kingine. 30 peke yake sio pembe jamani. Nyuzi 30, rediani 30 na gradi 30 ni pembe tatu tofauti kabisa, na kalkuleta haina namna ya kujua we unamaanisha ipi, yenyewe inafuata ilivyosetiwa.

Kwa hiyo nimeyapanga hapa yale yanayojirudia, kwa dalili, maana mtu akikwama anachojua ni dalili tu, chanzo hakijui. Kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana halafu nashuka.

Ila kwanza tujuane na vipimo vyenyewe, haraka tu. Nyuzi mnazijua, duara zima ni 360, desturi ya zamani sana yenye mizizi Babeli ambako watu walikuwa wanahesabu kwa sitini sitini, ndo maana mpaka leo nyuzi moja inakatwa dakika 60 na dakika moja inakatwa sekunde 60. Rediani ni hivi: chukua uzi wenye urefu sawasawa na rediasi ya duara, ulaze juu ya mzingo, pembe inayofunguka pale katikati ndo rediani 1. Ukipima kwa nyuzi unapata kama 57.2958, na duara zima linabeba rediani 2π, yaani 6.2832. Jina lenyewe la rediani lilitokea kwenye maandishi mwaka 1873, kwenye maswali ya mtihani aliyotunga James Thomson kule Belfast, kwa hiyo kama mtihani umekutesa kwa rediani ujue zilianzia hukohuko kwenye mtihani. Gradi, wengine wanaita goni, ni ya Wafaransa wa miaka ya 1790 walipokuwa wanatengeneza mfumo wa mita: pembe mraba ikawa 100 na duara zima 400. Na walikuwa na hesabu yao, mita ilipangwa ili kutoka ikweta mpaka ncha ya kaskazini iwe kilomita 10,000, sasa hiyo safari ni pembe mraba, gradi 100, ina maana gradi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 100 hivi. Mi naona ni wazo zuri sana, ila nje ya kazi za upimaji ardhi halikushika, na leo wengi wanakutana na gradi kwa bahati mbaya tu baada ya kubonyeza kitufe wasichokijua.

DALILI YA 1: Jibu lina alama ya kutoa bila sababu, au ni namba ya ajabu isiyoeleweka

Hii ndo baba lao. Kabla hujagusa kitu chochote fanya kipimo hiki, kinachukua sekunde tano: andika sin 30 halafu bonyeza sawa sawa.

Ikija 0.5, uko kwenye nyuzi.
Ikija -0.988, uko kwenye rediani.
Ikija 0.454, uko kwenye gradi (maana gradi 30 ni nyuzi 27, na sin ya nyuzi 27 ndo hiyo 0.454).

Usijipime kwa sin 0 wala cos 0. Kuna mwanafunzi alinibishia kabisa kwamba kalkuleta yake iko sawa kwa sababu cos 0 inaleta 1, na kweli inaleta 1, ila inaleta 1 kwenye vipimo vyote vitatu kwa hiyo hapo hujapima kitu. Tumia 30.

Chanzo cha kwanza, kinachotokea kuliko vyote, ni hiyo mipangilio. Juu ya kioo angalia kwa makini kuna kiherufi kidogo, D (nyuzi) au R (rediani) au G (gradi), vidogo kiasi kwamba kalkuleta ikichubuka kioo huvioni. Kwenye zile Casio za ES, mfano fx-991ES, unabonyeza SHIFT halafu MODE halafu 3 ndo unarudi kwenye nyuzi, 4 ni rediani, 5 ni gradi. Kwenye zile za MS za kawaida kama fx-82MS unabonyeza MODE mara mbili mpaka uone Deg Rad Gra, unachagua 1. Ndugu zake wa MS wenye mambo mengi zaidi wanataka ubonyeze MODE mara nyingi zaidi, we endelea tu mpaka hayo maneno matatu yatokee. Na kama kalkuleta mnaazimana darasani basi hilo ndo jibu lako, mwenzako wa form six alikuwa na zoezi la kalkulasi akaiacha kwenye R.

Kwenye simu kuna mtego wake na umewakamata watu wazima: kalkuleta nyingi za simu kile kitufe kinakuandikia unakokwenda, sio ulipo. Yaani ukiona kitufe kimeandikwa Rad inaweza kuwa na maana kwamba SASA uko kwenye nyuzi na ukikibonyeza utaenda rediani. Usisome kitufe, fanya kipimo cha sin 30. Na ukiandika sin 30 hivihivi kwenye Google inaichukulia ni rediani, ongeza neno degrees mwishoni.

Chanzo cha pili ni kinyume chake, swali lina π ndani. Umeulizwa sin ya π/6, umejua kabisa jibu ni 0.5, kalkuleta inakupa 0.00914. Hapo kalkuleta iko D na π/6 ni 0.5236, kwa hiyo imetafuta sin ya nusu nyuzi. Ikariri hiyo 0.0091, tutakutana nayo tena kule chini kwenye Excel. Swali likiwa na π ndani ya pembe basi karibu kila mara ni rediani, au badilisha mode au weka 180 mahali pa π uendelee na nyuzi zako.

Chanzo cha tatu ni mabano. cos 60 ÷ 2 kwenye zile za zamani inakupa 0.25 kwa sababu imechukua cos ya 60 kwanza ndo ikagawa, we ulikuwa unataka cos ya 30 ambayo ni 0.866. Weka mabano.

Ukishamaliza hayo yote na bado sin 30 haiji 0.5, fanya reset. ES: SHIFT, 9, 3, sawa sawa, AC. Kumbuka reset inafuta kila ulichohifadhi kwenye memori. Kama hata baada ya reset bado inakataa, au vitufe vingine vinaandika mara mbili, au namba kwenye kioo zimekatika vipande, ACHA. Usiifungue kwa bisibisi usiku wa kuamkia mtihani, nimeona waya mwembamba wa kioo ukiachia na kalkuleta ikafa moja kwa moja. Azima nyingine, hiyo mpelekee fundi wa elektroniki siku nyingine.

DALILI YA 2: Natafuta pembe, napata 0.52 au 33.33

Ni yaleyale ya juu ila yamegeuka. sin⁻¹ ya 0.5 ikileta 0.5236 uko rediani, ikileta 33.33 uko gradi. Kama umeshaandika mahesabu yote na hutaki kurudia, geuza jibu: rediani zidisha kwa 180 gawa kwa π, gradi zidisha kwa 0.9. Ikikuandikia Error basi angalia ulichoingiza, hakuna pembe ambayo sin yake ni 1.2, kuna mahali umegawa kinyume, umeweka mkabala juu ya nini sijui, rudi kwenye pembetatu yako.

Kingine hapahapa, pembe inakuja na alama ya kutoa. Una nukta iko (-3, 4), unatafuta tan⁻¹ ya 4 kwa -3, unapata -53.13, wakati kwa macho yako nukta iko juu kushoto. Hapo kalkuleta haijakosea, tan haiwezi kutofautisha juu kushoto na chini kulia. Ongeza 180 unapata 126.87. Chora mchoro kila mara, hata mbovu.

DALILI YA 3: Urefu wa tao au spidi inatoka kubwa kupita akili

Hili linaniuma kwa sababu mwanafunzi anakuwa ameelewa, fomula tu ndo ilikuwa ya kipimo kingine. Duara la rediasi sentimita 7, tao la pembe 60. Anachukua s = rθ, 7 mara 60, anaandika sentimita 420. Sasa simama hapo uangalie, duara zima la rediasi 7 mzingo wake ni sentimita 44. Kipande cha duara kimezidi duara lenyewe karibu mara kumi. Fomula ya rθ inakubali rediani PEKE YAKE, kwa sababu rediani yenyewe imezaliwa kwa kulaza rediasi juu ya mzingo, ndo maana haihitaji kitu kingine. Nyuzi 60 ni rediani 1.0472, mara 7 ni 7.33, basi. Kama hutaki rediani tumia ile ya θ/360 mara 2πr, utafika palepale.

Kwenye fizikia inajificha zaidi. Gurudumu la rediasi mita 0.3 linazunguka mara 120 kwa dakika, spidi ya ukingo wake ni ngapi. Mara 2 kwa sekunde, kila mzunguko 2π, kwa hiyo 12.57 rediani kwa sekunde, mara 0.3, unapata mita 3.77 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Aliyetumia nyuzi atasema 720 mara 0.3, mita 216 kwa sekunde, baiskeli inakimbia kama ndege. Wote wawili wamefuata v = rω.

Na wale wa kalkulasi, kwamba ukitafuta derivativu ya sin x unapata cos x, hiyo nayo ni ya rediani tu. Kwa nyuzi inabidi uburuze π/180 kila unapokwenda. Kama grafu yako inapanda taratibu mno pale sifuri, chanzo ni hicho.

DALILI YA 4: Jibu liko karibu karibu lakini halifiki, au pini ya ramani inaangukia pengine kabisa

Hapa ni dakika na desimali zinapochanganywa, na huyu ni adui mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu jibu halikushtui. -0.988 inakupigia kelele, hii inanyamaza.

Tuanze na vile vitabu vya majedwali ya hesabu, vya namba nne. Unatafuta sin ya 35.5. Mtu anaenda kwenye mstari wa 35, anatafuta dakika 5, anapata 0.5748. Lakini 35.5 ni thelathini na tano na NUSU, nusu ya dakika 60 ni 30, kwa hiyo ni 35°30', jibu 0.5807. Kila mara ile sehemu ya baada ya nukta izidishe kwa 60 kwanza.

Halafu kwenye hayohayo majedwali, ile safu ya tofauti pembeni kulia. Kwenye sin na tan unajumlisha, kwenye cos unaTOA, maana cos inapungua pembe ikikua. Cos ya 35°20': unasoma 35°18' ni 0.8161, tofauti ya dakika 2 ni 3, unatoa, 0.8158. Aliyejumlisha kaandika 0.8164 na hatajua kamwe amekosea wapi mpaka mtu amuonyeshe kwa kidole. Mi huwa naweka kijisentensi kwa penseli juu ya ukurasa wa cos, TOA, kila kitabu ninachoazimisha.

Sasa ramani. Dar es Salaam iko kwenye 6°48' kusini na 39°17' mashariki. Watu wanaona 6 na 48 wanaandika 6.48 na 39.17 kwenye ramani ya simu. Desimali sahihi ni 6.8 na 39.283, kwa sababu 48 gawa kwa 60 ni 0.8. Tofauti ya 6.8 na 6.48 inaonekana ndogo, ila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, mita 1,852, na hapo umekosea dakika 19.2, zaidi ya kilomita 35 kwenda kaskazini. Ukiijaribu utaona pini imeangukia baharini, kwenye mkondo kati ya Bagamoyo na Unguja.

Sababu ya pili ya pini kupotea ni kusahau alama ya kutoa. Sisi tuko chini ya ikweta, kusini kunaandikwa -6.8. Ukiweka 6.8 bila alama utajikuta Ethiopia, maeneo ya milima ya Bale. Sababu ya tatu ni kubadilisha nafasi, latitudo inatangulia kwenye programu nyingi za kawaida lakini faili nyingine zinaanza na longitudo. Kama hizi namba zinaenda kwa mtu wa boti au gari la wagonjwa usikisie, mtumie pini yenyewe na umpigie mhakikishe kwa jina la mahali.

DALILI YA 5: Excel au Python inanipa ujinga

Chanzo cha kwanza, cha pili na cha tatu ni kimoja: lugha karibu zote za programu zinakula rediani, hazina kitufe cha D. =SIN(30) kwenye Excel ni -0.98803. Andika =SIN(RADIANS(30)). Python ni math.sin(math.radians(30)). JavaScript hana hata hiyo, zidisha mwenyewe kwa Math.PI/180.

Halafu inakuja ile 0.0091 niliyosema uikariri. Ukiiona kwenye Excel pale ulipotegemea 0.5, pembe yako imegeuzwa MARA MBILI, safu ya B ulishaiweka rediani halafu kwenye fomula ukaweka tena RADIANS. Kwa shiti kubwa yenye watu wengi hii inatokea sana, dawa yake ni kuandika kipimo kwenye kichwa cha safu, "pembe (nyuzi)", "pembe (rediani)", sio "pembe" tu.

ATAN2 nayo, ile fomula ya kutafuta pembe ya nukta kutoka x na y: Excel inataka x kwanza ndo y, Python na wenzake wanataka y kwanza ndo x. Ukihamisha fomula kutoka huku kwenda kule pembe zako zote zinajipindua kwenye kioo cha nyuzi 45, na kinachochelewesha kugundua ni kwamba pembe ya 45 yenyewe inatoka sahihi. Kwa hiyo usijaribie na (1,1). Jaribia na (1,0), lazima ije sifuri.

Na kama math.sin(math.radians(30)) inakuandikia 0.49999999999999994 au sin ya π inakuja 1.22e-16 (yaani karibu sifuri kabisa), hapo hakuna kilichoharibika. π haina mwisho, kompyuta imeikata mahali, hiyo ni chenga ya kukatwa. Usilinganishe kwa alama ya ==, angalia kama tofauti ni ndogo vya kutosha.

DALILI YA 6: Ramani yangu imeelekea upande usio

Pembe za darasani zinaanzia mashariki, kwenye mhimili wa x, na zinazunguka kinyume cha saa. Pembe za dira zinaanzia kaskazini na zinafuata saa. Ni nyuzi zilezile ila mlango wa kuingilia ni mwingine. Umeambiwa meli imeenda kilomita 5 kwa uelekeo 120. Kwa dira, mashariki ni 5 mara sin 120, unapata 4.33, na kaskazini ni 5 mara cos 120, unapata -2.5, yaani imeshuka kusini mashariki. Aliyetumia cos kwa mashariki kama alivyozoea darasani meli yake imekwenda kaskazini magharibi, kinyume kabisa. Kugeuza ni rahisi, 90 toa uelekeo wa dira, ukipata hasi ongeza 360.

Sababu isiyotokea sana ila ipo, dira ya mtumba ya kijeshi. Kama inahesabu mpaka 6400 hizo ni mili za NATO, 1600 ndo pembe mraba, na ukikuta inaishia 6000 ni ya upande wa Urusi. Usizigeuze kwa kukisia, gawa duara zima kwanza.

Manahodha wa majahazi wa pwani yetu na wa Uarabuni wao duara waliligawa vipande 32 kwa mawio na machweo ya nyota, kila kipande nyuzi 11 na dakika 15, na urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari walipima kwa isba, upana wa kidole, kama nyuzi moja na nusu na ushee. Ahmad ibn Majid, karne ya 15, kaandika mengi juu ya vipimo hivyo. Nawatajia wanafunzi wangu kila mwaka kwa sababu wengi wanadhani kupima pembe kumekuja na mkebe wa shule.

Tukiwa kwenye mkebe, protrakta ina mistari miwili ya namba, wa ndani na wa nje. Ukipima pembe kali ukapata 120 umesoma mstari usio wake, ni 60. Anza kuhesabu kutoka kwenye ile sifuri iliyolala juu ya mkono wa pembe yako.

DALILI YA 7: Saiti, kona ya msingi haifungi au bikoni (alama za mpaka) hazikutani

Hapa ndo pa pesa na ugomvi kwa hiyo someni taratibu.

Kaka yangu alipokuwa anaanza kujenga, kijana mmoja akaja na totali steshoni ya kuazima, ile mashine ya kupimia pembe na umbali, ya mtumba kutoka Ulaya. Akaisimamisha kwenye kona, akalenga kigingi cha kwanza, akaweka sifuri, akazungusha mpaka kioo kikaandika 90.0000, akapiga kigingi cha pili. Kamba zikafungwa, kwa macho kona ilikuwa inaonekana imebana lakini kiwanja chenyewe kimekaa mshazari ikawa kila mtu anasema ni kiwanja. Fundi mzee akatoa futi kamba, akapima mita 3 upande huu, mita 4 upande huu, halafu akavuka kati ya zile alama mbili. Ilitakiwa ije 5 kamili. Ikaja 4 na sentimita 61. Mashine ilikuwa kwenye gradi, ile 90 ilikuwa nyuzi 81, na kwa ukuta wa mita 20 ule mwisho wa ukuta ulikuwa umekwenda pembeni mita 3 na sentimita 13. Mitaro ilikuwa haijachimbwa bado, nashukuru Mungu.

Kwa hiyo cheki za mwanzo, kwa mpangilio huu. Zungusha mashine duara zima uone inarudi sifuri baada ya 360 au baada ya 400. Lenga juu juu usawa wa macho, pembe ya wima ikisoma karibu na 100 badala ya 90 hiyo ni gradi. Halafu 3, 4, 5 kwa futi kamba, kila kona, hata kama mashine ni mpya.

Cheki inayofuata ni namna kioo kinavyoandika nyuzi. Mashine na programu nyingi za upimaji zinaandika 45.3015 kwa maana ya nyuzi 45, dakika 30, sekunde 15. Mtu anaichukua anaipeleka kwenye Excel kama desimali. Ukweli ni kwamba hiyo ni 45.5042, amepoteza nyuzi 0.2027, na kwa umbali wa mita 100 huo ni mkengeuko wa sentimita 35. Sentimita 35 za mpaka ni kesi. Namna ya kutambua: pitia namba zote kwenye orodha, angalia tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta, kama kuna hata moja imezidi 59, mfano 45.7420, basi ile orodha ni desimali. Kama zote zimekaa chini ya 60 na orodha ni ndefu, shuku ni dakika na sekunde.

Kama vipimo viko sawa na bado haifungi, lenga alama moja kwa uso wa kwanza (darubini ikiwa upande wake wa kawaida), geuza darubini na mashine ulenge tena kwa uso wa pili. Masomo mawili ya mlalo yanatakiwa yapishane nusu duara, 180 au gradi 200. Yakipishana zaidi ya ile sekunde chache za mashine yako, mashine imetoka kwenye mstari, na hapo ndo MWISHO wa kazi yako. Usifungue skrubu, hiyo ni ya karakana yenye vifaa vya kuirekebisha.

Na simama kabisa, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, ukikuta yafuatayo: bikoni imeng'oka au imehamishwa, vipimo vyako havikubaliani na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, jirani amepinga mpaka, au ni paa, ngazi ya ghorofa, nguzo, kitu chochote kitakachobeba watu (hiyo ya mwisho ni ya mhandisi). Usiirudishie bikoni mwenyewe hata kama una hakika na hesabu yako asilimia mia, bikoni sio mali yako na ukiihamisha unaweza kuingia kwenye kesi.

Wakati unamsubiri mwandikie kwenye karatasi mashine gani ilitumika, ilikuwa kwenye nyuzi au gradi, kioo kinaandika desimali au dakika na sekunde, sifuri uliweka wapi, na masomo ghafi kama yalivyotoka kabla hujayageuza. Usimpe yaliyogeuzwa peke yake. Akipata ghafi anaweza kuiona ile 90.0000 isiyo na alama ya nyuzi juu yake na akajua kabla hajashuka kwenye gari.